Tupeane uzoefu: gauni la siku za kawaida, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Baridi ya Nakuru

Wadau, gauni la harusi na la picha za Krismasi tuliweke kando. Hapa ni lile la Jumanne: la ofisini, la sokoni, la darasani, la kupandia boda, la kubebea mtoto. Kila mmoja aseme yuko wapi, kitambaa gani, kiasi gani, na gauni la aina hiyo huharibika wapi. Visa vya nani alisema nini alipokuona umependeza tumevisoma vya kutosha. Leo lete vipimo.

Naanza na huku. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo saa kumi na mbili asubuhi stejini mtu anatetemeka, na saa saba mchana jua linawaka. Wengi hununua gauni zito ili washinde ile asubuhi, halafu mchana jasho linawatiririka na hakuna cha kuvua. Chukua pamba ya uzito wa kati, mikono ya robo tatu, na juu yake sweta ya vifungo. Sweta ya kupitishwa kichwani huvuruga nywele na kilemba, na mikono ya gauni hujikunja ndani yake kwapani. Urefu wa sweta uishie kiunoni. Ikifika makalioni marinda yote yanafichika na mtu anaonekana amevaa gunia.

Upepo wa Januari na Februari nao unafunua. Pindo la nusu inchi halina nguvu ya kulishikilia gauni chini. Lipigwe la inchi 2 au 3 ili uzito wa kitambaa chenyewe ufanye kazi hiyo. Vumbi letu ni la kijivu cha volkano, kwa hivyo nyeusi na bluu iliyokoza huchafuka kabla ya kufika mjini. Maua madogomadogo huficha.

Fundi wa Kibuye

Asante kwa kuanzisha. Mimi nitaongelea kitenge, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea kabla hata mkasi haujagusa kitambaa.

Kwanza, hakikisha ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kishanga kigumu kisichovunjika kwa vidole. Poliesta si haramu, haikunjamani, lakini kwa joto la Kisumu itakushikilia mgongoni hadi jioni. Pia geuza upande wa nyuma: kitenge kilichopigwa rangi vizuri hutofautiana kidogo sana pande mbili.

Pili, kilowekwe kabla ya kukatwa. Maji baridi, usiku mmoja, kisha kianikwe na kupigwa pasi. Wanga wa kiwandani hutoka na kitambaa hurudi. Pamba inaweza kurudi hata asilimia 5, na gauni la inchi 48 likirudi hivyo limepoteza karibu inchi 2 na nusu. Hapo ndipo wateja husema fundi ameiba kitambaa. Bitana nayo ilowekwe, maana isipolowekwa itarudi peke yake na kuuvuta mshono wa chini hadi gauni litoe mikunjo isiyopigika pasi. Huku ziwani bitana iwe pamba nyepesi, na iishie magotini tu.

Tatu, kiasi. Kipande cha kawaida ni yadi 6, upana karibu inchi 45. Gauni lililonyooka la kufika magotini, mwili wa wastani, linatosha yadi 2 na nusu hadi 3. La sketi ya kukusanywa kiunoni na mikono, 3 na nusu hadi 4. Sketi ya duara kamili ndiyo hudanganya watu, basi tupige hesabu. Kiuno cha inchi 30 ukigawanya kwa 6.28 unapata 4 na robo tatu, hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno, kuanzia katikati. Ongeza urefu wa sketi 25 na pindo 1, unafika karibu 31. Duara zima lina upana wa inchi 62 na kitambaa chako ni 45, kwa hivyo linakatwa kwa nusu mbili, kila moja ikila inchi 62 za urefu. Jumla 124, karibu yadi 3 na nusu, na hiyo ni sketi peke yake. Juu na mikono vitakula yadi 1 na nusu. Yadi 6 inatosha na kilemba kinabaki, lakini ukileta 4 usimlaumu fundi.

Tena kama kitenge kina ndege au chungu kinachotazama upande mmoja, ongeza kati ya nusu yadi na yadi nzima, la sivyo mgongoni ndege watalala chali. Na kwa duara hata ukiongeza, pembeni watalala kiubavu tu. Kitenge cha namna hiyo kikate sketi ya vipande.

Nne, nafasi. Kitenge hakinyumbuki. Kifua ongeza inchi 2, nyonga 2 hadi 3, na upime nyonga ukiwa umekaa. Aliyepimwa amesimama tu ndiye huyo ambaye mshono wa nyuma unampasukia akiingia matatu. Ndani ya mishono ya ubavuni mwambie fundi aache inchi 1 kila upande. Wengi huacha nusu ili wakate haraka, na ukinenepa gauni limeisha.

Nyarkakamega

Fundi, chumvi je? Huku kila mama huambiwa aloweke kitenge kwa chumvi ili rangi ishike.

Fundi wa Kibuye

Rangi ya kiwandani ikishakauka haishikizwi na chumvi ya jikoni, dada. Kinachosaidia ni yale maji baridi kuondoa rangi ya ziada iliyokaa juu. Badilisha maji hadi yatoke meupe, na kitenge chekundu kifuliwe peke yake mara tatu za kwanza. Chumvi weka kwenye mboga.

Mama Madera, Oile

Madera yamedharauliwa hapa na ndiyo yanayovaliwa zaidi nyumbani na sokoni! Dera ni mstatili mpana, shimo la shingo katikati, na mshono unaopita kila upande wa mwili ukiacha mbawa nje. Kwa hivyo mambo ya kukagua ni machache lakini ni makubwa.

Urefu: pima kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, ukiwa umevaa viatu utakavyovaa. Likigusa chini litakanyagwa kwenye ngazi. Kulifupisha usikate mapambo ya chini. Piga mkunjo wa kushonwa kwa ndani, inchi 2 chini ya magoti, ukitaka siku moja ulifungue.

Mishono ya ubavuni: ile ya kiwandani hushonwa kwa uzi mmoja na hatua ndefu. Pitisha cherehani mara ya pili juu ya mshono uleule kabla hujalivaa, hasa chini ya kwapa. Dakika kumi tu.

Kitambaa: yale laini yanayoteleza na kuning'inia vizuri mengi ni ya viskosi. Viskosi ikilowa hudhoofika, kwa hivyo usiikamue kwa kusokota. Ifinye, itandaze kwenye taulo, ianike kivulini. Dera lililosokotwa ndilo linatoa matundu madogo kifuani na mtu anadhani ni panya.

Kwa anayenyonyesha: usinunue dera la shingo pana ukidhani utalishusha begani, litachanika shingoni mwezi wa pili. Mpe fundi aweke zipu mbili za kufichwa, inchi 9 kila moja, wima, chuchu ikiwa usawa wa katikati ya zipu. Nyuma ya zipu ashone kipande cha kitambaa cha inchi 1 na nusu, meno yasimkwaruze mtoto. Na ukimbeba mgongoni kwa leso, gauni lisiwe na vifungo wala shanga mgongoni.

Kamera Kwanza

Watu wa mitumba tupo. Soko la Kibuye hapa Kisumu siku yake kubwa ni Jumapili, lakini anayetaka kamera, yaani zile bora za kwanza, afike mzigo ukifunguliwa. Baada ya hapo vitu vinashuka bei na ubora pamoja, hadi fagia ya jioni, yale mabaki ya mwisho. Fagia si mbaya kwa gauni la shambani.

Namna ya kukagua gauni pale mezani: liinue dhidi ya jua, matundu yote yataonekana. Geuza kwapa, njano iliyokaa haitoki, na kitambaa pale kimeshadhoofika. Vuta zipu juu na chini mara mbili, hasa sehemu ya kiunoni ambako hukwama. Kisha makalio, kama kitambaa kimeng'aa au kimekonda, rudisha.

Saizi za lebo huchanganya: 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, 40 ya Ufaransa na 38 ya Ujerumani. Na hata hivyo nguo imeshafuliwa mara nyingi, inaweza kuwa imerudi. Njoo na futi ya fundi. Laza gauni, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha kwa 2. Jibu liwe limezidi kifua chako kwa inchi 2 kama kitambaa hakivutiki.

Kupunguza ubavu na kufupisha ni kazi ya nusu saa. Mabega yakiwa makubwa liache, kwa sababu fundi lazima afumue mikono yote, na ufundi utazidi bei ya nguo.

Stage ya Mbale

Mbona hakuna aliyegusa boda? Sketi ya penseli yenye mzunguko wa inchi 38 chini haiwezi kupanda pikipiki, ndiyo maana watu hukaa upande mmoja, na hapo dereva akikwepa shimo unaanguka kinyumenyume. Mzunguko wa chini uanzie inchi 60, au uwe na mpasuo wa nyuma wenye kipande cha kufunika. Ndani vaa baika (kaptula ya kubana) ya pamba inayofika juu kidogo ya goti.

Gauni refu na dera: kabla hujapanda kusanya kitambaa chote mbele, ukalie, kisha funga leso kiunoni ukiipitisha juu ya mapaja. Mbawa za dera zikining'inia nyuma huingia kwenye spoku au mnyororo, na kitambaa kikishikwa na gurudumu kinamvuta mtu chini. Kilemba chenye mkia na mtandio pia viingizwe ndani ya sweta. Pandia kushoto. Pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, na poliesta ikiligusa huyeyukia kwenye ngozi.

Nyarkakamega

Kwetu Kakamega adui ni mvua ya alasiri na udongo mwekundu. Gauni liishie katikati ya muundi. La kufika chini litanyonya matope hadi magotini, la juu sana utarukiwa na maji ya matatu miguuni.

Doa la udongo mwekundu lisisuguliwe likiwa bichi, unalisukuma ndani ya nyuzi. Liache likauke, likung'ute kwa brashi, ndipo maji baridi na sabuni ya kipande. Jiki usiweke kabisa: wekundu huo ni kutu ya chuma, na jiki huikaza iwe ya kudumu. Kwa pamba nyeupe, ndimu na chumvi juu ya doa, anika juani saa moja, suuza. Kwa kitenge jaribu kwanza ndani ya pindo, maana ndimu yaweza kupausha rangi.

Upepo wa Dunga

Wanaoshughulika na samaki: harufu haitoki kwa sabuni nyingi. Ondoa mafuta kwanza kwa sabuni ya vyombo, suuza, kisha loweka nusu saa kwenye lita 10 za maji yenye nusu kikombe cha siki. Fua kama kawaida. Ukipiga pasi kabla harufu haijatoka umeipika ndani. Gauni la kazi hiyo liwe la pamba, mikono mifupi isiyo na lastiki, kwa sababu magamba hukwama kwenye mikunjo ya lastiki na huyaoni.

Na anayesema gauni fupi ndilo la joto la Kisumu hajavaa pamba nyepesi iliyolegea ya kufika chini. Hewa inazunguka ndani na jua halikufikii. Fupi la poliesta linalobana ndilo tanuri.

Baridi ya Nakuru

Fundi, swali la mwisho. Mifuko. Nikiomba naambiwa itaharibu umbo.

Fundi wa Kibuye

Itaharibu kama imeshonwa ubavuni tu ikaachwa inaning'inia, simu itaivuta gauni upande mmoja. Mfuko uwe inchi 7 kwa 11, mdomo uanzie inchi 3 chini ya kiuno, na sehemu yake ya juu ifike hadi kwenye mshono wa kiuno ishikwe pale. Uzito unabebwa na kiuno. Kitambaa cha mfuko kiwe pamba ya bitana, si kitenge, kisionekane kwa nje. Gauni lisilo na mshono wa kiuno, mfuko ushikizwe mbele kwa utepe hadi kwenye dati, ule mkunjo mdogo wa kushonwa unaolipa gauni umbo. Dera usiweke, Mama Madera atakuambia sababu.

Mama Madera, Oile

Sababu ni kwamba mshono wake hauwezi kubeba simu. Nunua kipochi cha shingoni, kivae ndani.