Mifereji ya Uingereza: maegesho ya wageni yamegeuzwa makazi ya watu, sisi wapitaji tulale wapi?

Wakuu, nimejizuia siku mbili nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Ninaishi Birmingham. Mjomba wangu amekuja kutoka Tanga kututembelea. Ujana wake wote aliumaliza kwenye majahazi, na kitu pekee alichoniomba ni kupanda chombo. Huku bahari iko mbali, nikakodi boti ya mferejini, zile za chuma ndefu na nyembamba, upana kama futi 7 tu. Siku nne, kwa pesa niliyoidunduliza tangu Januari.

Jumamosi tukatoka Warwick kurudi upande wa Birmingham. Kwa wasiopajua, hapo kuna loki 21 za Hatton zilizofuatana kama ngazi, zinakupandisha mita 45 hivi kwa mwendo wa chini ya maili mbili. Loki ni chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma. Unaingiza boti, unafunga malango ya nyuma, unazungusha hendeli kuinua vizibo, maji ya juu yanaingia na boti inapanda nayo. Kisha unafungua mbele, unatoka, unakwenda kuanza upya. Kazi yote ni yako na mikono yako. Mimi na mke wangu tulikuwa nchi kavu na hendeli, mjomba ameshika kana (mpini wa usukani), ametulia kama yuko Mkondo wa Pemba. Loki za Hatton ni pana, zinabeba boti mbili ubavu kwa ubavu, tukapanda pamoja na mume na mke wa Kiingereza, wazee wenye adabu sana. Jasho hilo silalamikii hata kidogo.

Nalalamikia aliyeshuka kabla yetu. Tulipofika katikati tukakuta loki ameiacha malango ya chini wazi na kizibo cha juu hajakishusha chote. Maji ya kipande chote cha mfereji kilicho juu yake, hadi loki inayofuata, yamemwagika, pamebaki tope na bata. Tungeingia pale tungepwelewa. Ikabidi tupande kwa miguu tukafungulie maji ya vipande vya juu, kidogo kidogo, tusije tukavikausha navyo. Saa nzima na zaidi imepotea kwa sababu mtu mmoja aliona uvivu kuzungusha hendeli dakika mbili.

Loki ya mwisho tumetoka saa kumi jioni. Tukapita handaki la Shrewley, na mbele yake ndipo hasa nilipokasirika.

Kulikuwa na maegesho ya wageni: ukingo umejengwa vizuri, pete za kufungia kamba, na kibao kinachosema mwisho ni saa 48. Boti zimejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hao si wageni. Kamba zimeota ukungu wa kijani, juu ya paa kuni zimepangwa za msimu mzima, ukingoni kuna vyungu vya maua. Bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akaniambia tatu kati ya hizo ameziona hapo hapo tangu Julai. Huu ulikuwa Septemba!

Sina ugomvi na wanaoishi kwenye boti. Kodi za nyumba nazijua, mimi mwenyewe nazilipa. Lakini sheria ya mifereji ya 1995 iko wazi: asiye na gati lake la kudumu asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 bila sababu ya msingi, na masharti ya leseni ya boti yanasema penye kibao cha muda mfupi zaidi, kibao kifuatwe. Pale pametengwa kwa ajili ya anayepita, afunge, alale, aondoke.

Mtaniambia kandokando ya njia ya miguu unaweza kufunga karibu popote. Ni kweli, kwenye karatasi. Tulijaribu mara tatu. Kingo zimejaa matete, maji ni mafupi, boti inakwama mita nzima kutoka ukingoni. Nikawapigia walionikodisha, jibu lao: endelea mbele. Mbele wapi, na jua linazama, na mkataba wao wenyewe unanikataza kutembea gizani?

Saa moja na robo tukapigilia vigingi kwenye majani, boti imelala upande, tukaweka ubao wa kushukia. Mjomba ana miaka 71. Ubao ukateleza. Akazama mguu mmoja hadi pajani na ugoko ukachubuka kwenye chuma. Hakusema neno. Alikaa kwenye kochi mke wangu akimsafisha, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huku bandari hazina mwenyewe?" Sikuwa na jibu, na swali hilo linanichoma hadi sasa.

Mwenyewe yupo, shirika la Canal & River Trust linalosimamia mifereji hii, analipwa ada ya leseni ya boti. Basi apite ahesabu siku, aandike namba za boti, awaondoe waliopitiliza. Namba zimeandikwa ubavuni mwa kila boti, haihitaji mitambo.

Picha ninazo: vibao, kamba, na ugoko wa mjomba. Mkuu yeyote anayeishi kwenye mifereji hii na amewahi kulalamika akasikilizwa, aniambie alipitia mlango gani. Wiki hii hii napeleka.