Fundi umeme kanigeuzia betri, kaunguza regyuleta, kisha kanifungia alteneta ya Corolla!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Nina Land Rover 109 Series IIA ya 1964. Chaji yake ni ya kiwandani: dainamo ya Lucas C40 (ndiyo inayochaji betri), boksi la regyuleta RB106/2 (linaloongoza hiyo chaji), na chanya ya betri imefungwa kwenye bodi. Ilipoanza kuchaji kwa kusuasua nikaipeleka kwa fundi umeme mmoja hapa Dar. Nikamwambia kwa kinywa changu: weka kaboni mpya, safisha komyuteta (shaba ya duara ambayo kaboni zinasugua), kagua bushi ya nyuma. Kingine chochote usiguse.

Nilipoondoka tu (haya nimeyapata kwa kijana wake) akaona chanya iko bodi, akacheka: "Aliyefunga betri hii alikuwa amelewa." Akaigeuza, akapiga stata.

Sasa jamani, dainamo hukumbuka upande wake kwa usumaku kidogo unaobaki kwenye chuma chake. Ukigeuza betri, lazima uipige dainamo shoti kwanza: vua waya za D na F (D ni ya kutolea umeme, F ni ya koili ya usumaku), halafu gusisha F mara moja na waya wa moto kutoka kwenye betri. Usipofanya hivyo inazalisha kinyume. Katauti (swichi iliyo ndani ya boksi, inayounganisha dainamo na betri) ikifunga, nguvu ya betri na ya dainamo zinajumlishana na mkondo wote unapita kwenye pointi zile ndogo. Zikagandana. Akazima injini, katauti haiachii, betri ikageuka kuiendesha dainamo kama mota, waya zikaanza kutoa moshi. Kwaheri boksi.

Halafu ananipigia simu: "Bosi, dainamo imekufa."

Imekufaje? Umeipima? Unavua waya za D na F, unaunganisha terminali hizo mbili kwa kipande cha waya, mita unaweka kati ya hapo na bodi, unapandisha resi taratibu. Volti zikipanda hadi kama 20 bila kusitasita, dainamo ni nzima, tatizo liko kwenye boksi au waya. Mita ilikuwa mezani kwake, nimeiona!

Nilipofika nikakuta alteneta ya Corolla, bracket ya zamani imekatwa kwa grainda, boksi halionekani, na dainamo "kijana kaipeleka skrepa." Shaba yangu imeuzwa kwa kilo! Na bado ananidai hela ya alteneta ambayo sikuiagiza.

Najua kuna watakaokuja hapa kunifundisha kwamba alteneta ni bora. Ndiyo, C40 inatoa ampea 22 hivi, na injini ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, haichaji kitu. Ukiwasha taa kwenye foleni ya Ubungo sindano ya ampea inalala upande wa hasi. Nalijua hilo miaka yote. Mle ndani hamna friji wala subwoofer, ni taa na waipa basi. Gari ni langu na nilisema libaki lilivyotoka kiwandani.

Mwenye RB106/2 ya zamani, hata iliyochoka, tuwasiliane PM. Hizi mpya za dukani sizitaki, niliyoletewa jana pointi zake hazikutani. Natafuta na bracket pia.

Na wewe fundi, najua humu unapita. Skrepa zote za Dar zunguka wewe, dainamo yangu nirudishiwe.