Darasa la kwanza Katuba: shule ya mapadri, ya binafsi ya mtaani, au ya mjini?

Mama wa Watatu, Katuba

Wazazi wenzangu, nawasalimu. Mwezi wa tisa mtoto wangu wa tatu ataingia darasa la kwanza hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, na safari hii mimi na baba yake hatujaelewana. Shule tulizozitembelea ni tatu. Ya kwanza ni ya Kikatoliki yenye mkataba na serikali, mwendo wa dakika 10 kwa miguu, ambako tangu Septemba 2019 masomo ya msingi hayalipiwi. Siku tuliyofika darasa la kwanza lilikuwa na watoto 87, wanne wanne kwenye dawati la watoto wawili. Ya pili ni ya binafsi, iko mtaani kwetu, ina watoto kama 30 kwa darasa na inadai dola 25 kwa mwezi. Ya tatu iko mjini, dola 90 kwa mwezi bila basi, na mtoto atalazimika kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baba yake anaitaka hiyo ya mjini kwa sababu watoto wa pale wanazungumza Kifaransa tangu chekechea. Mimi nauza mboga sokoni hadi saa nane mchana, naye anafanya kazi ya zamu. Naomba mlinganishe kwa yale mliyoyaona wenyewe, si kwa sifa ya jina la shule.

Baba wa Bel-Air

Mama, binti yangu alianzia shule ya mjini ya bei hiyo hiyo, nami nilidhani nikishalipa minervali, yaani ada ya shule, kazi yangu imekwisha. Kwa mwaka mzima niliingia katika shule ile mara mbili, siku ya kumwandikisha na siku ya kuchukua buletini, ile ripoti ya alama zake. Aliletewa asilimia 71, nikafurahi.

Alipokuwa darasa la tatu, jioni moja umeme ulikatika, tukakaa sebuleni kwa mwanga wa simu, nikamwambia anisomee kitabu chake. Alisoma aya nzima ya mkulima na shamba lake bila kukwama hata neno moja. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Huyu mkulima amefanya nini?" Alinyamaza, akaniangalia, kisha akarudi juu na kuanza kuisoma aya ile upya, kwa sauti kubwa zaidi. Hapo nilielewa kwamba mtoto wangu alikuwa anatamka Kifaransa tu. Kesho yake nilifungua daftari la mawasiliano nikakuta mwalimu ameandika jambo hilo mara tatu tangu darasa la pili, na mara zote aliyetia sahihi ni kaka yake. Siilaumu shule. Ilikuwa mbali, nami niliutumia umbali huo kama sababu ya kutokwenda.

Mwalimu wa Ruashi

Nimefundisha shule ya mkataba kwa miaka 14, na ningependa tulinganishe mambo jinsi yalivyo. Serikali ilizichukua shule za makanisa mwaka 1974, na kwa mkataba wa Februari 1977 ikayarudishia makanisa usimamizi wake, huku yenyewe ikibaki na jukumu la kulipa walimu. Mishahara ilipoporomoka miaka ya 1990, wazazi ndio waliotubeba kwa ile pesa ya motisha, hadi masomo ya bure yalipotangazwa mwaka 2019. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani wakaja kwa wingi, jambo ambalo mimi binafsi nalishukuru mpaka leo, lakini vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Tena wenzetu wengi ni wale tunaowaita "enu", walimu wapya ambao bado hawajaingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Mtu wa namna hiyo anafundisha asubuhi na mchana anatafuta riziki kwingine. Kwa hiyo usiulize tu shule ikoje. Uliza ni mwalimu gani atakayeshika darasa la kwanza, ana miaka mingapi katika kazi, na kama analipwa.

Kwa shule ya binafsi ya mtaani, omba uonyeshwe karatasi ya kibali cha serikali. Shule isipokuwa nacho, mtoto akifika darasa la sita anaweza kulazimika kuandikishwa kwa mtihani wa taifa kupitia shule nyingine, na wazazi wengi wanalijua hilo wakiwa wamechelewa.

Kuhusu Kifaransa, sheria ya elimu ya Februari 2014 inaziruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo ya nne, zitumike kufundishia. Mwalimu wa darasa la kwanza anayemfafanulia mtoto hesabu kwa Kiswahili hamrudishi nyuma.

Mzazi wa Golf

Naheshimu yaliyosemwa, lakini sikubaliani na njia ya kuipunguzia uzito idadi ile. Watoto 87 ni wengi mno. Mwalimu akimpa kila mmoja dakika moja tu ya kumsikiliza akisoma, saa nzima na nusu imekwisha, na hajaandika lolote ubaoni. Wangu wako mjini, wanaamka mapema, wanasinzia ndani ya basi wakati wa kurudi, na bado sijutii, kwa sababu mwalimu wao anajua nani hakumaliza zoezi jana. Kama uwezo upo, mtoto asikae mahali asipoonekana.

Mjumbe wa komite ya wazazi, Kampemba

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inampa mzazi haki ya kuchagua aina ya elimu ya mwanawe, na kifungu hicho hicho ndicho kinachosema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Nimeona kwamba wengi tunaitumia haki hiyo siku moja tu, siku ya kuandikisha. Katika shule ya bure hali ni ngumu zaidi, kwa maana asiyelipa anajiona hana neno la kusema, naye mkurugenzi anazoea kutoulizwa.

Kwetu mkutano mkuu ulikuwa unaleta wazazi wachache, na mazungumzo yote yalikuwa ya pesa. Tukaanza kukutana darasa kwa darasa, Jumamosi asubuhi, kwa Kiswahili, madaftari ya watoto yakiwa mezani. Mzazi anafungua daftari la mwanawe mbele ya mwalimu, wanalitazama pamoja. Katika mkutano wa pili baba mmoja seremala aliona watoto wanaandikia magotini, akauliza mbao zinapatikana wapi, na kabla ya mvua kuanza tulikuwa na madawati 22. Idadi ya watoto haikupungua, hilo nalikiri kwa Mzazi wa Golf. Lakini mwalimu sasa anawajua wazazi wa wale wanaobaki nyuma, na anawatumia habari siku ile ile.

Mama wa Watatu, Katuba

Asanteni sana. Swali langu sasa ni moja, na naliuliza bila kuficha: mimi niliishia darasa la nne. Kifaransa changu ni cha salamu. Nitafuatiliaje masomo nisiyoyaelewa?

Bibi wa Kamalondo

Mwanangu, mimi sikusoma kabisa. Marehemu mume wangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini, na watoto wetu sita walipita shule za kampuni zama zile ambapo daftari na kalamu vilikuwa vinatolewa. Kila jioni nikisonga bukari (ugali), mmoja baada ya mwingine alisimama mlangoni pa jiko kunieleza kwa Kiswahili alichofundishwa siku hiyo. Nikisikia maelezo yanazunguka, namwambia anza tena. Aliyeelewa anaeleza kwa maneno machache. Halafu nachukua daftari. Herufi sizijui, lakini tarehe nilijifunza kuzitambua, na wino mwekundu wa mwalimu kila mtu anauona. Tarehe ikiruka, nauliza ulikuwa wapi. Kurasa tatu zikipita bila wino mwekundu, kesho yake natia kitenge changu kizuri naenda kumwona mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyenifukuza.

Mwalimu wa Ruashi

Bibi amesema jambo ambalo sisi walimu tunalitamani. Naongeza dogo: kwenye buletini usiishie kwenye asilimia na nafasi aliyoshika. Kuna mistari miwili, wa bidii na wa mwenendo, ambayo wazazi huiruka. Mtoto anayeanza kuchoka au kuogopa huonekana pale kabla alama hazijashuka.

Mama wa Watatu, Katuba

Nimemsomea baba yake majibu yote jana usiku. Ya mjini tumeiacha, si kwa bei peke yake, bali kwa sababu hakuna kati yetu atakayeweza kufika huko siku ya kazi. Alhamisi namwachia jirani meza yangu sokoni: kwanza nitapita shule ya mtaani kuomba nionyeshwe kibali na kukaa nyuma ya darasa la kwanza kwa saa moja, kisha nitakwenda kwa mapadri kuuliza jina la mwalimu wa mwaka ujao. Bibi, kitenge nimeshakitoa sandukuni.