Karafuu za Pemba: mnunuzi abaki mmoja?

Wa Wete: Asalaam alaykum. Mkarafuu nimeupalilia mie, wachumaji nimewalipa mie kwa pishi, jamvi langu, jua la Mungu. Kwa nini nilazimike kuuza ZSTC tu, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na nikipeleka kwengine niitwe mtu wa magendo? Wenye mwani wana kampuni za watu binafsi zinazowafuata pwani. Mvuvi wa pweza vilevile humpa amtakaye. Sheria ya 2014 imenishika mie wa karafuu. Sisemi ZSTC ifungwe, nasema isimame sokoni na wenziwe.

Wa Mkoani: Sheikh, jambo hili limeanza kabla ya Mapinduzi. Mwaka 1937 Waingereza walikikabidhi Chama cha Wakulima wa Karafuu biashara ya kusafirisha nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India yenyewe ikasusia karafuu zetu mpaka 1938. Chama hicho kiliundwa 1927, wenye mashamba wamezama kwenye madeni, karafuu zimeshauzwa zingali juu ya mti. Wewe wa Wete hujaona hayo leo? Watoto wanataka ada, msimu bado, anakuja mtu na pesa mkononi, mti unatiwa rehani. Hao wanunuzi wengi unaowaita ndio haohao.

Wa Konde: Bei haikai Pemba, jamani. Waindonesia walikuwa wakizinunua kwa ajili ya sigara zao za kretek. Wakapanda mikarafuu yao, miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Mwaka kama ule mfanyabiashara hatii mguu hapa. Miche ya kupanda atatupa nani?

Wa Wete: La rehani nalikubali, limemkuta mtu wa nyumbani kwetu. Lakini Wa Konde, miche hailiwi, na bei ikipanda dunia nzima mie naisikia kwa watu wa ng'ambo kabla ya kuisikia kituoni kwa ZSTC. Ndipo mashua zinapotoka usiku bandari bubu kwenda Shimoni, Kenya, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, nao nyuma. Tuliahidiwa asilimia 80 ya bei ya dunia. Basi iandikwe kwa chaki mlangoni mwa kituo kila wiki: ya dunia hii, yako hii. Hesabu ikikaa sawa, mie na mnunuzi mmoja sina ugomvi.

Wa Mkoani: Hapo tupo pamoja.

Wa Konde: Na makonyo je, vile vikonyo vya karafuu? Yanakwenda kiwandani Wawi kutolewa mafuta. Hayo nayo ni asilimia ngapi?