Mrejesho: mtambo wa kufundishia mtiririko na kina cha maji

Wakuu, niliuliza kuhusu mtambo wa karakana yetu: matangi mawili, pampu ya volti 12, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki inayoendesha programu), sensa ya mtiririko YF-S201 na sensa ya kina HC-SR04, inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti. Pampu ikiwaka, namba za mtiririko zilikuwa zinaruka ovyo, na kina nacho hakitulii. Sasa umekaa sawa, asanteni sana.

Aliyesema chanzo ni pampu alipatia kabisa. Tumeipa pampu umeme wake, nyaya za hasi tukaziunganisha pamoja, kisha tukafunga dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye mota ya pampu. Waya wa ishara wa sensa ya mtiririko uko pini namba 2 ya Arduino, ambayo inapokea intarapti, yaani ishara inayokatiza programu ili ishughulikiwe papo hapo. Hilo ni muhimu, maana sensa ile hutoa takriban mapigo 450 kwa kila lita na programu haipaswi kupitwa na pigo lolote. Ila msiiamini namba hiyo hivihivi! Pimeni kwa ndoo yenye alama za lita. Yetu ilitoa tofauti, tukaandika tuliyoipata. Wanafunzi walielewa upimaji hapo kuliko ubaoni.

Kwa kina, maji yanayodondoka yalikuwa yanavuruga mwangwi. Tumeteremsha bomba la kuingizia hadi chini ya maji, na sensa tumeiinua, kwani kitu kilicho ndani ya sentimita 2 haikisomi.

Kilichobaki ni rilei kuwaka na kuzima mfululizo maji yanapofika kwenye alama. Nitatenganisha kina cha kuwasha na cha kuzima.