Vani ya umeme inakwenda vizuri, mbona bosi hataki kununua?

Mpanga_Ruti
Wakuu, kazi yangu ni kupanga ruti za vani 12 za dizeli zinazosambaza vifurushi. Mwezi uliopita tuliazimwa moja ya umeme kwa wiki mbili. Nikaipa ruti ngumu makusudi: kilomita 90, vituo zaidi ya 100, simama-ondoka kutwa nzima, kazi inayomaliza klachi na breki za dizeli. Siku ya kwanza saa nane mchana dereva akanipigia, sauti imekwisha: "Chaji imebaki asilimia 61 na bado nina vifurushi 31." Kumbe alizima kiyoyozi tangu asubuhi kwa woga, shati limemganda mgongoni. Alirudi na asilimia 55. Siku ya nne alikuwa anagombana na wenzake wasimnyang'anye ile vani.

Bosi kairudisha. Nikimuuliza, anasema tu "soko bado". Kama umbali unatosha, soko limekwama wapi?

Mkodishaji
Bosi wako anajua anachokiogopa, hata kama hasemi. Mimi nakodisha magari. Kodi ya kila mwezi naipata kwa kukisia gari litauzwa shilingi ngapi mkataba ukiisha. Dizeli ya miaka minne naijua bei yake nikiwa nimelala. Ya umeme? Mnunuzi wa mkono wa pili anataka kujua betri imebaki na nguvu kiasi gani, halafu anakumbuka kwamba mpya za mwaka huu zinakwenda mbali zaidi. Basi nakisia chini, na kodi inapanda.

Halafu kuna uhai wa kiwanda. Arrival ya Uingereza, watengeneza vani za umeme, ilipata oda ya vani 10,000 kutoka kwa wasambaza vifurushi UPS mwaka 2020. Februari 2024 ikawa mikononi mwa wafilisi. Canoo ya Marekani, ya kazi hiyohiyo, ilifilisika Januari 2025. Utasema hao walikuwa wachanga. Haya, General Motors, mzee kabisa, alizindua vani za umeme za BrightDrop mwaka 2021 na Oktoba 2025 akatangaza anaacha kuzitengeneza. Deutsche Post, posta ya Ujerumani, walinunua kabisa kampuni ya StreetScooter mwaka 2014 wajitengenezee za kwao, na mwaka 2020 wakatangaza kusimamisha. Rivian ya Marekani, nayo ya magari ya umeme, imesogea kwa sababu Amazon, ambayo ina hisa humo, iliagiza 100,000 mwaka 2019. Sisi wengine hatuna mteja wa kutubeba hivyo.

Nina moja uani kwangu, mwezi wa tano sasa, inasubiri kitasa cha mlango wa nyuma. Betri nzima, mota nzima. Aliyeitengeneza hayupo tena sokoni.

Nyaya_Moto
Hapo kwenye spea sina la kusema. Ila wengi wanaoniita mimi wamekwama mapema zaidi: ukutani kwao, kwenye swichi kubwa. Wanachukua vani 12, wanazidisha kwa chaja ya kilowati 11, wanapata 132. Wanaambiwa laini iongezwe, labda na transfoma mpya, na hiyo foleni yake inaweza kupita muda wa kuletewa magari yenyewe. Wanakata tamaa.

Sasa tazama. Ruti yako ya kilomita 90 inakula kama yuniti 30. Vani zimelala saa 10. Kila moja inahitaji kilowati 3 tu kwa saa hizo. Zote 12 ni 36. Unaweka mfumo wa kugawana umeme, wenye chaji ndogo wanaanza, wengine wanangoja. Mara nyingi laini uliyonayo inatosha. Lakini uani uwe wako. Ukiwa mpangaji, mwenye nyumba hana haraka ya kuchimba sakafu yake kwa faida ya magari yako.

Miguu_Sita
Dereva hapa. Mnasahau uzito. Betri inakula nafasi ya mzigo, si kwa ukubwa, kwa kilo. Ulaya leseni ya kawaida inaishia tani 3.5 gari likiwa limejaa. Uingereza ilibidi waruhusu 4.25 kwa magari ya aina hii. Anayebeba vifurushi vya nguo hatajua tofauti. Anayebeba maji na vigae atakuwa anaacha mzigo nyuma kila asubuhi.

Mpanga_Ruti
Sisi ni maboksi mepesi, hapo tumepona. Na uani ni wetu. Nimempelekea bosi hesabu ya kilowati 36, kaikodolea macho, kisha swali moja tu: "Huo mfumo ukigoma saa tisa usiku, nani anaamka?" Nimenyamaza.

Nyaya_Moto
Asiamke mtu. Fundi azipangie chaja kiwango cha chini cha kujirudisha zenyewe mawasiliano na mfumo yakikatika, zote zichaji taratibu. Fanyeni jaribio kabla hamjalipa: chomoa kebo ya mtandao vani zote zikiwa zimechomekwa, mwende mkalale.