Tupeane uzoefu: pensheni ya mzee wako inapanda bei zikipanda, au imeganda?

Wadau habari zenu. Mamangu yuko hapa Uingereza, kafanya unesi mpaka kastaafu, sasa roho yake yote iko Mombasa anataka arudi akapumzike, na kila anayempigia simu anamwambia rudi tu mama, pauni zako ukizifanya shilingi utakula raha. Hakuna anayemwambia kwamba akihamia Kenya pensheni yake ya serikali inagandishwa palepale ilipo. Huku kila Aprili wanaongeza, wanachukua kile kikubwa kati ya mfumuko wa bei wa Septemba, ongezeko la mishahara au asilimia 2.5, ndo maana 2023 ilipanda 10.1 na 2024 ikapanda 8.5. Ukihamia Marekani, Jamaica au nchi za Umoja wa Ulaya unaendelea kuongezewa kama kawaida. Kenya, Tanzania, Kanada, Australia huongezewi hata senti. Mwenye mzee aliyepitia haya atuambie, hata kama ni pensheni ya nyumbani.

Mdau, Nyali
Ndugu yangu hili nalijua vizuri. Ami yangu alirudi 2010, wakati huo ile pensheni ya msingi ilikuwa pauni 97.65 kwa wiki, na mpaka leo ni hiyohiyo. Mwenzake waliyekuwa zamu moja akabaki kule, 2025 alikuwa anapata 176.45. Makato waliyokatwa kazini ni sawasawa! Miaka ya mwanzo hakuhisi kwa sababu shilingi ilikuwa inashuka, akibadilisha anaona zimeongezeka, lakini dawa za presha na sukari zikapanda, bima ya wazee ikapanda, mara akaanza kuomba watoto na yeye ni mtu hajawahi kuomba mtu. Akienda London kuwaona wajukuu anaweza kulipwa kiwango cha sasa kwa muda ule alioko kule, akirudi Nyali inarudi 97.65. Wastaafu wa nchi hizi zilizogandishwa walishaenda kortini mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa 2010. Mwambie mama apige hesabu ya miaka ishirini, asipige ya mwaka huu.

Mdau, Morogoro
Poleni wakuu. Mimi mzee wangu ni mwalimu mstaafu, hapa Tanzania kima cha chini cha pensheni 2015 kilitoka elfu 50 na ushee kikawa laki moja na ushee, siku hiyo nyumbani ilikuwa sherehe kabisa. Baada ya hapo ikawa kimya mwaka baada ya mwaka, sukari ikapanda, nauli ikapanda, laki ikabaki ileile miaka mingi. Kila mwezi wa sita mzee anakaa na redio anasikiliza hotuba ya bajeti mpaka mwisho asikie kama wastaafu wametajwa. Mnavyosema huko kuna Aprili inayojulikana mimi naona hicho ndo kitu kikubwa kuliko hata kiasi chenyewe, mtu anajua anaweza kupanga, sio kusubiri huruma.

Mdau, Unguja
Kwetu pensheni jamii ilianza Aprili 2016, elfu 20 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, hata kama alikuwa mvuvi tu. Baadae ikapandishwa elfu 50. Bibi alifurahi sana wallahi. Ila baina ya hapo samaki hakusubiri.

Mdau, Kakamega
Inua Jamii, zile pesa za serikali ya Kenya kwa wazee, ni 2,000 kwa mwezi, wakati wanafungulia wazee wote wa 70 mwaka 2018 ilikuwa 2,000 na bado ni 2,000. Linganisheni unga wa 2018 na wa sasa. Na hiyo shosho anaipata ikichelewa.

Mdau, Leicester
Msidhani huku wote tunaongezewa. Sisi tusiofika umri wa pensheni, ruzuku zetu nyingi ziligandishwa kuanzia 2016 hadi 2020, na Aprili 2025 wazee walipata nyongeza ya asilimia 4.1 sisi 1.7. Sijawaonea wivu wazee, ila mwenye nyumba wangu hajui kitu kinaitwa 1.7.

Mdau, Minneapolis
Marekani pensheni ya serikali inapanda yenyewe tangu 1975, siku hizi ni kila Januari, 2023 ilikuwa asilimia 8.7. Lakini angalieni makato ya Medicare, ile bima ya afya ya wazee, 2025 yalikuwa dola 185 kwa mwezi na 2026 ni 202.90, yanatolewa humohumo, kwa hiyo mama mkwe akiona barua ya nyongeza anafungua ukurasa wa makato kwanza. Na 2010, 2011 na 2016 ilikuwa sifuri kabisa.

Mwanzisha mada
Shukrani sana wote, nimemsomea mama, hiyo ya ami wa Nyali imemgusa, kaniambia nirudie kuisoma. Ndugu wa Nyali swali: ami alipotoa taarifa kwamba anahama, aliandikiwa wazi kwamba haitapanda tena, au alikuja kujua Aprili ilipopita bila kitu? Na ile bima ya wazee huko Mombasa, wanapokea mtu aliyeshapita 70 akiwa na presha?